Unga wa Udaga Kwenye Rejeta

Gibson alikuwa na neno moja la kujibia kila swali gumu. Gari lako likoje? Zima. Mama yenu anaendeleaje na miguu yake? Mzima. Na Bhoke, dada yako, huko alikoolewa? Mzima, hana neno. Neno hilo lilimvusha vizuri tu, jamani, miaka na miaka, mpaka Alhamisi ile ya mwezi wa saba alipolipeleka gereji kwa fundi Leodgar, pale Nyakato, Musoma.

Leodgar alikuwa ameinamia engine ya Proboksi ya Gibson, ncha ya bisibisi ndefu kaikita kwenye chuma, mpini kaubana sikioni. Ndivyo anavyosikilizaga magari. Aliihamisha bisibisi mara tatu, akafumba macho, akayafumbua.

"Hii sauti imeanza lini?"

"Sauti gani?"

"Wewe! Hii inayolia nyiii kama bawaba ya mlango wa kanisa."

"Jana," Gibson akajibu. Ilikuwa wiki ya tatu, na wiki zote tatu alikuwa anafungulia kwaya kwenye redio ili asiisikie.

Leodgar akazima engine, akajifuta mikono, akamweleza taratibu. Beringi ya pampu ya maji imekufa, ndiyo inayolia. Rejeta nayo inavuja kwa chini. Maji yanapungua, na hayo yaliyobaki pampu haiyasukumi inavyotakiwa, basi engine inachemka, ndiyo maana mshale wa joto unapanda. "Lakini bahati unayo. Engine yenyewe bado nzuri. Rejeta nachomelea, pampu naagiza Mwanza, Jumatatu asubuhi unaondoka. Ila ukilitembeza hivi hivi, usije kunililia hapa."

Jumatatu! Nusura Gibson acheke. Jumatatu ingemkuta dada yake ameshaamuliwa.

Maana kikao kilikuwa Jumamosi saa kumi, nyumbani kwao Butiama. Bhoke alikuwa amerudi kwao kwa mara ya nne, mtoto wake Eunice wa miaka miwili mgongoni, sikio la kushoto halisikii tena, na safari hii alisema harudi kwa mumewe Fredi hata wamfunge kamba. Fredi naye akasema sawa, nirudishieni ng'ombe wangu kumi na mmoja. Ndiyo mila, na mila haina haya: ng'ombe wakirudi zizini kwa mume, mwanamke yuko huru, na hakuna mdomo utakaomfuata. Wasiporudi, anarudi yeye.

Na hao ng'ombe walikuwa wapi? Walikuwa pale Nyakato, wamefunguliwa boneti. Baba yao alipofariki, ng'ombe wa mahari ya Bhoke walibaki mikononi mwa Gibson, naye alitakiwa aolee hao hao, kama kaka wote wanavyofanyaga. Gibson akawapeleka mnadani, akanunua gari. "Gari halipati ndigana wala kupe," alikuwa akiwaambia watu, na watu wakacheka, wakamwona mjanja.

Mungu si Athumani, akapatikana mnunuzi. Mzee Makongoro, mfugaji wa upande wa Bunda, mbele kidogo ya Nyamuswa, alikuwa anatafuta gari la kupelekea maziwa mjini, na yeye hakutaka habari za fedha. Gari kwa ng'ombe kumi na mmoja, Ijumaa. Kwenye simu alisema neno ambalo Gibson angelikumbuka baadaye mpaka kichwa kimuume: "Kama lina ugonjwa niambie tu, kijana wangu. Mimi fundi ninaye."

"Ni zima, mzee."

Alijibu bila hata kumeza mate. Hesabu yake ilikuwa hivi: akisema linavuja, mzee atapunguza ng'ombe wawili. Wakipungua wawili, wanabaki tisa. Na kwa tisa Bhoke hatoki. Utamlaumu? Mimi namlaumu, lakini hofu yake naielewa.

Basi akamwambia Leodgar atarudi, akafunika boneti, akaliondoa gari.

Ijumaa asubuhi, kabla ya kuondoka Butiama, aliingia jikoni kwa mama yake akafunua debe la udaga, ule unga wa muhogo wanaosongea ugali kila siku. Kila dereva wa njia ile anaijua dawa hiyo. Rejeta ikitoboka porini unatia yai, au kijiko cha unga. Unaganda pale penye tundu, unafika mjini, unamtafuta fundi aisafishe siku hiyo hiyo. Kijiko kimoja, na ni cha kufikia kwa fundi. Gibson alichota kikombe.

Bhoke alikuwa amesimama mlangoni, Eunice kamshikilia sketi. "Unga wa nini huo?"

"Wa kazi."

Akamfuata mpaka kwenye gari. Gibson alifungua mfuniko wa rejeta akamimina kikombe chote. Akachungulia chini: maji bado yanadondoka. Akarudi jikoni, akaja na kikombe cha pili, halafu cha tatu. Bhoke aligeuza kichwa ili amsikie kwa sikio la kulia.

"Kaka. Gari ni zima?"

"Zima."

"Niambie kweli. Hata kama ni bovu sitakulaumu. Nataka nijue tu, nisije nikakaa kwenye kile kikao naota ndoto."

"Bhoke, nimekwambia ni zima. Kesho jioni utakuwa huru. Mpikie mtoto uji."

Dada yake alimtazama. Aliijua sauti ile. Mara tatu alikuwa amemkimbia Fredi, na mara tatu Gibson alimpakia kwenye Proboksi hiyo hiyo akamrudisha. Mara ya kwanza alimnunulia soda na kitenge, akamwambia ndoa ni uvumilivu. Mara ya pili hakununua kitu. Mara ya tatu, mwezi wa pili, damu ilikuwa imemkaukia shingoni, na Bhoke alipoanza kueleza kilichotokea, Gibson alinyoosha mkono akaongeza sauti ya kwaya. Kila mara alishuka, akashikana mkono na Fredi, akamsikiliza pembeni, akarudi kumwambia baba mdogo Alfonsi kwamba wamepatana, ni wazima.

Gibson aliliwasha gari. Chini pakawa pakavu, hakuna hata tone. "Umeona?" akasema kwa furaha, akaondoka.

Kilometa za mwanzo zilikuwa za raha. Mshale umetulia, hakuna kinachovuja, na Gibson alianza kuwaza ng'ombe wenyewe watakavyoonekana wakiingia uani, wengine madume, wengine wana mimba. Alimwona Bhoke akicheka. Alikuwa hajamwona akicheka tangu mwaka juzi.

Mlima wa kwanza, mshale ukainuka. Gibson akapunguza mwendo, haukushuka. Akafanya wafanyavyo madereva: akafungua hita mpaka mwisho ili joto la engine litokee ndani, akashusha vioo vyote. Upepo wa moto ukampiga miguuni mpaka akawa anainua kisigino hiki, anainua kile. Jua la Nyamuswa juu, hita chini, jasho linamwingia machoni. Mshale ukazidi kupanda.

Hakujua kinachoendelea ndani, au tuseme alijua ila hakutaka kujiambia. Udaga kwenye maji ya moto unakuwa nini, jamani? Hata mtoto wa chekechea wa Butiama angemjibu. Ugali ulikuwa unaiva mle, unaziba vijia vyote ambavyo maji yalipaswa kupita.

Karibu na kilele moshi mweupe ukatoka chini ya boneti. Akasimama. Alipofungua mfuniko kwa kitambaa, mvuke ulimrukia mkono akapiga kelele peke yake barabarani. Kungoja? Angengoja saa nzima gari lipoe, kama anavyojua, kama alivyowahi kuwafundisha wengine. Lakini Makongoro alisema anaondoka kwenda Bunda saa nane. Gibson alichukua dumu, akamimina maji ya baridi kwenye chuma kinachotokota. Ndani kukalia ta! Sauti ndogo tu, kama kijiti kikavu kinachovunjika.

"Twende, mama," akaliambia gari. "Twende, nakuomba. Ni pale tu. Usimuue dada yangu."

Lilikwenda. Ile sauti ya nyiii haikuwepo tena. Badala yake kulikuwa na ko, ko, ko, nzito, kutoka chini kabisa, inafuata mguu wake kwenye mafuta. Gibson alifungulia kwaya mpaka spika zikakoroma, na yeye mwenyewe akaimba, machozi yanamtoka.

Aliingia kwa Makongoro kwa mteremko, engine ikazimika yenyewe mbele ya zizi. Ng'ombe kumi na mmoja walikuwa wameshatengwa, wamefungwa kamba. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda, mwanawe Felisian kasimama nyuma yake, na fundi wao, Gasper, anakunywa chai. Gasper hakuwa na haraka. Alimaliza chai, akalizunguka gari, akanusa.

"Liwashe."

Liliwaka mara ya nne. Ko, ko, ko. Gasper hakutoa hata bisibisi. Sauti ile hata viziwi wangeisikia. Akaamuru lizimwe, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akamwonyesha mzee: oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. "Maji yameingia kwenye oili. Gasketi ya juu imeungua, na hedi, kichwa chenyewe cha engine, imepasuka. Huku chini beringi zinagonga. Sasa sijui kwa nini limechemka hivi, maji yapo." Akangoja lipoe, akafungua rejeta, akaingiza kidole, akakitoa. Akakitazama kidole. Akakinusa. "Mzee," akasema, "humu kuna ugali."

Felisian aliangua kicheko. Wachunga wa pale zizini wakaja kuona, kila mmoja akiingiza kidole. "Mboga iko wapi?" mmoja akauliza. "Iko kwenye oili!" akajibiwa. Gibson alisimama katikati yao, mkono umevimba malengelenge, anatabasamu, kwa sababu hakujua uso wake aufanye nini.

Makongoro peke yake hakucheka. "Kulikuwa na nini kabla hujatia unga?"

"Rejeta ilivuja. Na pampu ya maji ililia."

"Basi?"

"Basi."

"Rejeta na pampu." Mzee alishika kichwa. "Kijana, kwa rejeta na pampu ningekupa kumi na mmoja wako hawa hawa, Gasper akatengeneza wiki ijayo. Nilikuuliza. Si nilikuuliza?"

Hapo Gibson alipiga magoti. Alieleza yote: Bhoke, kikao, sikio. Makongoro alisikiliza mpaka mwisho, na huruma ilimwingia, nisimsingizie. Lakini mfugaji hawezi kutoa ng'ombe kumi na mmoja kwa chuma kilichokufa. Alisema bodi ni nzuri, matairi mapya, engine atatafuta nyingine. Akafungua kamba za ng'ombe wanne. "Felisian atakusaidia kuwaswaga. Mwambie dada yako pole."

Waliwaswaga kwa miguu, wakalala njiani kwa jamaa zake Felisian, wakaingia Butiama Jumamosi mchana. Bhoke alikuwa uani anafagia. Aliacha ufagio akatazama barabarani, akangoja wengine watokee nyuma ya wale wanne. Alingoja kitambo. Kisha akamtazama kaka yake, na Gibson, kwa mara ya kwanza, hakuwa na neno.

Watu wa Fredi walifika mapema, yeye na wajomba zake wawili. Wakapewa chai. Felisian, ambaye hakuwa na ubaya wowote moyoni, aliulizwa habari za njiani, naye akasimulia. Ungekuwepo ungecheka pia. Alieleza kidole cha Gasper, alieleza mboga na oili, mjomba mkubwa wa Fredi akamwaga chai kwa kucheka. Gibson alikuwa anafunga ng'ombe, akasikia kila kitu.

Saa kumi baba mdogo Alfonsi alifungua kikao kwa sala. Ng'ombe wakaonyeshwa. Mjomba mkubwa akasimama, akajifuta mdomo.

"Wanne si kumi na mmoja. Lakini sisi si watu wabaya. Wanne tunawapokea, na mtoto anabaki kwetu badala ya hao saba. Binti awe huru."

Bhoke alimvuta Eunice akamkumbatia tumboni. "Anaua," akasema. "Baba mdogo, huyu mtu anaua. Sikio hili ni yeye."

"Alianguka kisimani," Fredi akasema kwa upole.

Mlango mmoja ulikuwa umebaki, na wote waliujua. Mume akithibitika kuwa ndiye mkosaji, mtoto haguswi, na upande wa mke unapewa muda wa kutafuta ng'ombe waliobaki. Ila mke na mume kila mmoja ana lake, kwa hiyo anaulizwa kaka aliyekuwa akienda na kurudi katikati yao. Alfonsi akamgeukia Gibson.

Gibson alisimama. "Bhoke anasema kweli. Mwezi wa pili nilimwona na damu shingoni. Fredi mwenyewe aliniambia alimpiga na mchi, akaniomba nisiseme. Nilimrudisha mara tatu. Mara zote tatu nilijua. Naapa mbele ya Mungu, nilijua."

Hata Fredi aliinamisha macho, na kwa muda mfupi Gibson aliona mlango unafunguka.

Mjomba mkubwa akacheka. "Wazee, huyu si ndiye aliyempikia Makongoro ugali ndani ya gari? Majuzi tu alikuwa kwenye simu anaapa ni zima. Leo anaapa tena."

Wakacheka. Na wa upande wa Gibson wakacheka, wengine kwa kuficha uso. Felisian hakucheka, aliweka kikombe chini na kutazama miguu yake.

"Gibson," Alfonsi akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Mara tatu nimekuuliza hapa hapa kwenye kiti hiki. Ulinijibuje?"

"Nilisema ni wazima."

"Nikuamini siku gani sasa, mwanangu? Ile, au hii?"

Gibson alifungua mdomo. Aliwaambia walitazame lile sikio, wampeleke hospitali, wamuulize mama. Alipaza sauti, akalia, akajipiga kifua. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kutazamana. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia pale, miguuni pa wazee, na dada yake amesimama mwishoni mwake. Alfonsi akasema kikao hakina shahidi. Ng'ombe wanne na mtoto, au binti arudi. Achague mwenyewe.

Bhoke hakulia. Aliingia ndani, akatoka na kanga na sweta la Eunice. "Ng'ombe wafungueni wabaki, narudi mimi," akasema. "Mwanangu hawezi kulala bila mimi." Akainama, akamweka mtoto mgongoni, akakaza fundo.

Gibson alimkimbilia mpaka kwenye lango la uani. "Bhoke, subiri. Nitatafuta hao saba. Ngoja nikusindikize."

"Umenisindikiza mara tatu, kaka," Bhoke akasema bila kugeuka. "Inatosha."

Alitembea, Fredi na wajomba zake wakamfuata nyuma. Gibson akaenda sambamba naye, akamwambia nisamehe. Bhoke hakujibu. Akamwambia tena, kwa sauti ya chini: nisamehe, dada yangu. Bhoke aliendelea kutazama mbele. Eunice ndiye aliyegeuka akamtazama mjomba wake.

Hapo ndipo Gibson alipogundua kwamba alikuwa anatembea upande wa kushoto, upande wa lile sikio lisilosikia. Akasimama ili azunguke kwenda upande wa pili. Alipozunguka, Fredi alikuwa ameshatangulia, amejaa pale ubavuni pa mkewe, amemshika mkono.